SOMO LA JUMA: KUTEMBEZA JAMAA MJINI NAIROBI

Mtu akaaye Ruiru au Thika hana budi, siku moja au nyingine, kuombwa na jamaa zake wa milimani awatembeze Nairobi. Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Thika ni kama kilomita 45, na tangu barabara kuu ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi, Novemba 2012, mtu wa Thika aweza kunywa chai kwake asubuhi na kuwa mjini kabla jua halijawa kali. Lakini kutembeza wageni ni kazi yenye maarifa yake, na wengi wetu twaifanya vibaya. Twawavuta wazee kutoka jumba hili hata jumba lile, twawaonyesha urefu wa majengo, na jioni twawarudisha shingo zikiwauma. Wakiulizwa waliona nini, hujibu, “Tuliona watu wengi.”

Mimi nami nilikuwa mkosaji wa namna hiyo, hata mjomba wangu aliponifundisha.

Mjomba na mkewe, ambaye mimi humwita mama, hukaa upande wa Gatanga, juu ya Thika. Walilala kwangu Ruiru, na usiku nikawasomea orodha yangu ya mahali kumi na moja. Mjomba akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Mpwa wangu, hayo yote ni mazuri. Ila mimi nataka kuona maji yetu yanakokwenda.” Yapasa msomaji ajue kwamba mzee huyu, katika ujana wake, alikuwa kibarua katika ujenzi wa bwawa la Ndakaini, lililozuia mto Thika na kumalizika mwaka 1994. Alibeba mawe na udongo, akalipwa ujira wake, akarudi shambani. Tangu siku hiyo hakupata kuona mwisho wa kazi ile.

Basi hapa lipo jambo la kwanza la kujifunza: waulize wageni wako wanataka kuona nini, kabla hujawaambia wewe. Orodha yangu ikapungua kutoka kumi na moja hata tatu.

Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulishuka Ngara, tukapanda polepole kwa miguu hata Makumbusho ya Taifa. Jumba hili lilifunguliwa mwaka 1930, nalo lafaa sana kwa wazee, kwa kuwa kuna kivuli na mahali pa kupumzika, wala hakuna anayewasukuma. Mjomba alisimama kitambo mbele ya sanamu ya ndovu Ahmed wa Marsabit, ambaye mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, asiguswe na mwindaji, naye akafa kwa uzee mwaka 1974. Mama alikaa zaidi mbele ya mtoto wa Turkana. Mifupa yake iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya hodari wa kazi hiyo, huko Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana, na wataalamu wasema ina umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Nilimweleza mama hesabu hiyo kwa juhudi. Akaniuliza, “Na mamaye alimtafuta?” Kazi yangu ya kila siku ni kufasiri maneno ya watu, lakini swali lile sikuweza kulifasiri wala kulijibu.

Kutoka hapo tulikwenda mjini kwa motokaa, maana magoti ya wazee yana kiasi chake. Tukala wali na maharagwe katika hoteli ndogo, kisha nikawapeleka kwenye jumba la mikutano la Kenyatta, liitwalo KICC, lililofunguliwa mwaka 1973. Lina orofa 28, na urefu wake ni mita 105. Mama alishika mkono wangu ndani ya lifti, akafumba macho hata mlango ulipofunguka.

Juu ya paa ndipo nilipopata faida ya siku nzima. Wageni wengi wakifika pale huangalia chini, motokaa zilivyo ndogo. Mjomba aligeuka kaskazini na mashariki akatafuta kwao, akaona Kilimambogo kikiwa cha buluu upande wa Thika, akatulia. Ndipo nikamwambia jambo nililokuwa nimelisoma: ukuta wa Ndakaini una kimo cha mita 65. Maana yake, ukuta ule walioujaza kwa udongo na mawe, ukisimamishwa kando ya jumba hili, ungepita nusu yake. Mzee akachungulia ukingoni, akapima kwa macho kutoka chini, akanyosha kidole mahali ukuta ungefika. “Tulifika pale,” akasema. Nadhani hakupata kuambiwa hivyo na mtu awaye yote.

Sasa na tufanye hesabu kidogo, kama tulivyofanya pale juu. Bwawa la Ndakaini likijaa huchukua maji mita za ujazo milioni 70. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Zidisha, utapata madebe 3,500,000,000. Maji hayo hupita katika mapango yaliyochimbwa chini ya vilima, hufika Ng'ethu yakasafishwa, kisha hushuka kwa mabomba hata Gigiri na kuenea mjini. Nguvu inayoyasukuma ni mteremko wenyewe, kwa kuwa Ndakaini iko juu kuliko Nairobi kwa mamia ya mita. Zaidi ya sehemu 80 katika kila 100 za maji ya mji zimekuwa zikitoka huko. Mwaka 2017, mvua ilipopungua na bwawa likashuka, watu wa Nairobi walipewa maji kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho.

Nairobi yenyewe ilipewa jina na Wamasai, na maana yake ni maji baridi. Reli ilipofika hapo Mei 1899, mto mdogo ulitosha kambi. Mji ukakua, mto haukukua. Zikatafutwa chemchemi za Kikuyu, kisha likajengwa bwawa la Ruiru mwaka 1950, ule ule mwaka Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji. Baadaye Sasumua, na mwisho Ndakaini. Hata umeme wa siku za mwanzo wa mji ule ulitoka kwa nguvu ya mto Ruiru. Na ukiona nyumba mpya ya mawe mjini, uliza mawe yametoka wapi. Mara nyingi utaambiwa Ndarugo, karibu na Juja. Mambo haya nilipaswa kuwaeleza wageni wangu tangu mwanzo, badala ya kuhesabu orofa.

Mahali pa tatu palikuwa bomba. Mjomba hakukubali kurudi pasipo kuliona. Tulipata moja nyuma ya ile hoteli tuliyokula, na mwenye hoteli, baada ya kusikia habari, alimfungulia mwenyewe kwa heshima. Mzee akakinga kiganja, akaonja, akatikisa kichwa. “Wameyatia dawa,” akasema, “lakini ni yenyewe.” Akaomba chupa tupu ya soda, akaijaza, akaifunga kwa kitambaa.

Saa kumi tulikuwa njiani tena, nami niliwasindikiza hata Thika. Tulipovuka mto Ndarugo mjomba alikuwa amesinzia, chupa ikiwa magotini pake. Nikamwuliza mama ataifanyia nini. Akasema anawapelekea wenzake wawili waliobeba mawe pamoja naye, ambao wangali hai, ili nao waonje. Kisha akacheka kwa sauti hata abiria wakageuka.

“Mtu na akili zake,” akasema, “ametoka Gatanga kwenda Nairobi kuchota maji!”