Hewa ya Dodoma na Mpira wa Gofu

Mchezaji wa gofu atokaye Dar es Salaam, akipiga mpira Dodoma, huuona ukienda mbali kuliko alivyozoea, akadhani ustadi wake umekua. Sivyo. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10. Ukinzani hupungua, na pigo la mita 150 huweza kuongezeka mita 5 au 6. Wakati wa kiangazi, ardhi ngumu huuviringisha mpira mbali zaidi.

Hewa hiyo hiyo huficha makosa: mpira uliopigwa vibaya, ukazunguka kiubavu, hupinda kidogo kuliko pwani.

Basi mchezaji ajipime. Siku isiyo na upepo, apige mipira 10 kwa fimbo moja, na apime umbali hadi mpira ulipotua, si uliposimama. Kisha ajizoeze kuusukuma mpira shimoni kutoka hatua chache. Hapo wepesi wa hewa haumsaidii mtu, na ndipo mashindano mengi ya kirafiki huamuliwa. Furaha ya kweli ya mchezo ni kuyajua maendeleo yaliyo yake mwenyewe.