Dondoo muhimu: Mwaka wa kwanza wa jiolojia chuoni

Nunua lenzi ya mkononi, inayokuza mara 10, kabla ya nyundo. Nyundo utaazima; lenzi utaishika kila siku. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha lisogeze jiwe mpaka chembe zionekane. Wengi huishika juu ya jiwe huku kichwa kiko mbali, wakaambulia ukungu.

Kwatzi na kalsaiti huwachanganya wageni. Kwaruza kwa kisu: kalsaiti, yenye ugumu wa 3, itachubuka, kwatzi, yenye 7, haitachubuka, na kisu huenda kikaiachia mstari wa kijivu. Bado una shaka? Dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Chokaa ya Mapango ya Amboni, Tanga, yenye kalsaiti, itatoa povu papo hapo. Kwatzi itakaa kimya.

Fildini tumia penseli, maana wino husambaa mvua ikinyesha. Namba ya sampuli iandike palepale, daftarini na kwenye mfuko. Jiwe lisilo na namba ni kokoto tu. Ukipima kwa dira, weka nyundo mbali, kwani chuma hupotosha sindano.

Hesabu na fizikia usizitupe.

Maombi ya mafunzo kwa vitendo yapeleke mapema, na si migodini peke yake. Wenzako wakikimbilia dhahabu ya Geita, wewe jaribu pia wachimbaji wa visima vya maji au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.