Swagger na Bitwarden: Ipi ya Kuonyesha, Ipi ya Kufunga?

Umempa fundi wa programu kazi ya kuunganisha malipo ya simu na tovuti ya duka lako. Anakutajia majina mawili: Swagger na Bitwarden. Je, si kitu kimoja? Hapana!

Swagger ni ya kueleza. Inaonyesha jinsi mfumo mmoja unavyozungumza na mwingine: ombi litumwe wapi, nambari ya simu na kiasi viandikwe vipi, na jibu litarudi namna gani. Ni kama menyu ukutani mwa hoteli. Ilianza 2011, na tangu 2016 kanuni zake za uandishi zinaitwa OpenAPI.

Bitwarden ni ya kuficha. Inafungia nywila zako zote mahali pamoja, nawe unakumbuka nywila kuu moja tu.

Shida huanza zikichanganywa. Fundi akiandika funguo halisi za akaunti yako kwenye hati ya Swagger "kama mfano tu", anayeiona anaweza kutuma maombi ya malipo kwa jina la duka lako.

Kwa hivyo:

- Kwenye hati, zitumike funguo za majaribio pekee.
- Funguo halisi zipitie Bitwarden, si meseji ya WhatsApp.
- Kazi ikiisha, omba funguo mpya na uzime zile za zamani.
- PIN yako usimpe mtu. Kazi hii haiihitaji kabisa, na fundi akiiomba, simamisha kazi hapo hapo.