TELA LA BOTI: KABLA HUJAUZA BOLTI, ULIZA NI MAJI GANI

Leo nawaletea somo lililonigharimu hela, ili wewe lisikugharimu. Linawahusu zaidi wenye maduka ya spea na hadwea huku pwani, lakini hata kama unauza vitenge soma tu, mwisho wake unatuhusu wote.

Mi nina duka dogo maeneo ya Kunduchi, Dar es Salaam. Sijasomea ufundi. Nilimaliza form four, nikaanza na misumari na bolti, mengine nimejifunzia kaunta. Huku kwetu kuna boti za faiba, na baadhi ya wenye nazo wana tela. Boti inalala nyumbani, siku ya safari inavutwa na gari mpaka ufukweni, tela linarudishwa nyuma kwenye maji mpaka boti ielee. Kwa hiyo magurudumu, springi na bolti zote zinaoga bahari kila safari.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja, kanunua boti pamoja na tela lake kutoka Mwanza. Tela la chuma cha boksi kilichopakwa rangi, limefanya kazi Ziwa Victoria miaka kadhaa na lilikuwa bado zuri. Alitaka beringi mpya, sili, yubolti za springi na bolti za kawaida. Nikampa zile zinazong'aa. Akalipa 160,000, faida yangu kama 35,000. Siku hiyo nilifunga duka nikiwa na raha.

Baada ya miezi minne simu ikaita. Mzee yuko barabara ya Bagamoyo, gurudumu limejam, linatoa moshi, na boti iko juu. Nyuma yake kulikuwa na bodaboda kabeba mama na mtoto. Kama lile gurudumu lingechomoka, leo nisingekuwa naandika hapa, ningekuwa najibu maswali mengine.

Nikaenda na fundi. Alipofungua habu, grisi haikuwepo, ulikuwepo uji wa kahawia. Beringi zimeliwa na kutu. Yubolti zile zilizokuwa zinang'aa zimekuwa nyekundu. Mzee hakugomba. Alisema tu, "Kijana, si nilikwambia ni la boti?"

Kweli aliniambia. Mi ndo sikuuliza boti ya wapi. Nikamrudishia hela yake yote na fundi nikamlipa mimi.

Sasa tuelewane kwanza kwa nini tela lile lile Mwanza lilidumu na Dar likafa. Ziwa ni maji baridi. Bahari, kila lita moja ina chumvi kama gramu 35. Chumvi inaharakisha kutu, na hata maji yakikauka yenyewe inabaki kwenye chuma na kuvuta unyevu wa hewani. Yaani tela linaendelea kulika hata likiwa limepaki uani.

Baada ya hapo nikawa nakaa na mafundi nauliza. Haya ndo niliyoyapata.

1. GALVANAIZI ZIKO ZA AINA MBILI
Bolti laini inayong'aa, nyeupe au ya njano, imepakwa zinki kwa umeme. Tabaka lake ni jembamba sana, mikroni 5 hadi 12 hivi, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Nyingine imechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la kama nyuzi 450. Hiyo ni ya kijivu, imefifia, ukipapasa ina mikwaruzo. Tabaka lake ni mikroni 40 na kuendelea. Zinki inakubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone, kwa hiyo ikiwa nyingi, chuma kinaishi zaidi. Mteja atapenda inayong'aa. Wewe ndo wa kumwambia kwamba ile mbaya kwa sura ndiyo ya baharini.

2. BOLTI YA KUCHOVYWA IENDE NA NATI YAKE
Kwa sababu zinki ni nene, nati yake inatengenezwa na nafasi zaidi. Nati ya kawaida haiingii, ukiilazimisha unakwangua zinki. Agiza bolti, nati na washa pamoja.

3. STENLESI SOMA KICHWANI
Bolti za stenlesi nyingi zina alama. A2 ni ya kawaida, baharini inaota madoa ya kutu. A4 imeongezwa madini ya molibdenamu, inavumilia chumvi zaidi. Ukizishika mkononi zinafanana, kwa hiyo soma.

4. BERINGI, HAPA NDO NILIPOUMIA
Ukivuta boti barabarani, habu inapata moto. Ukiizamisha hapo hapo baharini, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, inavuta maji kupitia sili. Maji yakiingia, grisi inaharibika, beringi inakauka. Kwa hiyo mwambie mteja asubiri habu ipoe kabla ya kushusha boti. Muuzie grisi ya majini, ile isiyosombwa kirahisi, na sili mpya kila anapobadili beringi. Kuweka beringi mpya na sili ya zamani ni kupoteza hela. Na asichanganye grisi mpya na ya zamani, asafishe yote kwanza, maana zingine hazipatani.

5. FREMU
Chuma cha boksi kinashika maji ya chumvi ndani usikoona. Nje rangi inang'aa, ndani kinaoza. Cha wazi kinaoshwa pande zote. Kama ni boksi, liwe limechovywa zinki mpaka ndani na liwe na matundu ya kutoa maji. Na tela la galvanaizi likichomelewa, pale kwenye moto zinki imekufa. Ni lazima papigwe rangi ya zinki. Fundi naye akwangue zinki kabla ya kuchomelea na akae penye hewa, moshi wake si mzuri kwa afya.

6. DAWA YA BEI NAFUU KULIKO ZOTE
Kuosha kwa maji baridi kila linapotoka baharini, siku hiyo hiyo: springi, rimu, ndani ya fremu, na taa zake. Siku hizi kila anayenunua beringi za tela namuuliza kama ana mpira wa maji. Wengi hawana, na mi ninao dukani.

Sasa upande wa biashara. Vifaa vya baharini kwangu bei ni karibu mara mbili ya vile vya kawaida, na mteja akisikia anashtuka. Siku hizi namwekea zote mbili mezani, namweleza, halafu anachagua mwenyewe. Akichukua ya rahisi, naandika kwenye risiti "si ya maji ya chumvi". Wengine wanaenda duka lingine. Waende. Faida ya 35,000 niliyoichekelea ilinirudia kuwa hasara ya 125,000 hivi na hela ya fundi juu.

Mzee bado ananunua kwangu. Ila siku hizi anavaa miwani, anageuza bolti moja moja na kusoma kichwani kabla hajalipa. Sikasiriki, ni haki yake.

Somo ndo hilo wadau: mteja anakutajia kitu anachotaka, kazi yako ni kuuliza kinaenda kufanya kazi wapi.

Na wewe, ni swali gani hukumuuliza mteja likakugharimu? Andika hapo chini tujifunze.