Kazi Kwanza, Kifaa Baadaye: Somo la Kuchagua Sehemu za Kompyuta ya Kazi

Utangulizi

Iko siku mwalimu mkuu atamwita mmoja wenu ofisini na kumwambia: "Ndugu mwalimu, wewe ndiwe uliyesoma mambo haya chuoni, tushauri tununue kompyuta gani." Fedha zitakazokuwa mezani siku hiyo ni za wananchi, na haziji mara mbili. Kwa hiyo yafaa mwanachuo ajue kuchagua, na zaidi ya hayo ajue kuwafundisha watoto namna ya kuchagua.

Nchi yetu imekwisha kupata funzo katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 zilikuwa saba tu, na mwaka huo huo Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, kwani ilionekana kuwa fedha za kigeni zilikuwa zikitumika kwa mashine na wataalamu wa nje pasipo faida iliyotarajiwa. Vikwazo hivyo vililegezwa baadaye, na katika miaka ya 1990 kompyuta ziliingia kwa wingi. Mashine sasa ziko, lakini swali la zamani lingali palepale: je, chombo hiki kinalingana na kazi tuliyo nayo?

Katika makala haya tunaeleza somo moja la kufundishia swali hilo, linalofaa darasa la sita au la saba. Mfano wetu ni kompyuta ya kazi nzito inayoundwa kwa kuchagua sehemu moja moja, na mazingira yetu ni Kikuyu, hapa mjini Dodoma.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze: (a) kutaja sehemu kuu za kompyuta na kazi ya kila moja, (b) kueleza sababu ya kuchagua sehemu fulani kwa kazi fulani, (c) kukadiria umeme ambao mashine itatumia.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Njia nyepesi ya kueleza ni karakana ya seremala. Seremala mwenyewe ni kichakataji, maana ndiye atendaye kazi. Meza yake ni kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM. Stoo ya mbao ni diski. Jengo linalowaunganisha wote ni bodi mama. Kadi ya michoro ni kundi la vibarua wengi, ambao kila mmoja anajua kazi ndogo tu, lakini wote hufanya kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu hufaa sana katika picha na filamu. Pawasaplai, yaani kifaa cha kugawa umeme, ni jiko la kuwapikia wote.

Mfano huu una jambo moja la kutilia mkazo. Umeme unapokatika, kila kilichoko juu ya meza hupotea. Kilichowekwa stoo hubaki.

Sasa tuchukue kazi halisi. Dodoma ni mji uliojengwa kwa ramani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, na ramani kuu ya mji ikakamilika mwaka 1976. Viwanja vingali vinapimwa hadi leo, na mpimaji hutumia picha zilizopigwa kutoka angani pamoja na programu ya ramani kama QGIS, ambayo hutolewa bila malipo. Tuseme picha moja ya Kikuyu ina nukta 20,000 kwa upana na 20,000 kwa urefu. Hizo ni nukta 400,000,000. Kila nukta ina rangi tatu, na kila rangi huchukua baiti moja; basi picha nzima ni baiti 1,200,000,000, yaani gigabaiti 1.2. Mchoraji akifungua picha nne kwa pamoja, gigabaiti 4.8 zimekwisha kukaa mezani, kabla ya kuhesabu programu zenyewe na nakala zinazowekwa ili kosa liweze kufutwa. Meza ya gigabaiti 8 itajaa upesi. Ikijaa, mashine huanza kuitumia stoo kama meza, na hapo kazi huzorota hata kama seremala ni hodari. Kwa kazi hiyo gigabaiti 32 si anasa.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kabla ya kununua, tuulize: kazi hii inasubiri nini? Ikiwa inasubiri meza, kuongeza seremala ni kutupa fedha. Ikiwa inasubiri stoo, diski isiyo na sehemu inayozunguka itasaidia kuliko kadi ya michoro ya bei kubwa.

Baada ya hapo huja swali la kulingana. Kichakataji hukaa tu katika bodi mama yenye tundu lililotengenezwa kwa ajili yake. Kumbukumbu ya aina ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali pengine. Kwa kazi ambazo kosa dogo huleta hasara kubwa, kama hesabu za majengo, iko kumbukumbu inayoweza kugundua na kusahihisha kosa la biti moja. Lakini ni lazima kichakataji na bodi mama viwe vimeundwa kuipokea.

Tusisahau nchi tuliyomo. Kipindi cha kiangazi huku uwanda wa kati ni kirefu, upepo ni mwingi, na vumbi huingia kila mahali. Kasha liwe na vichujio vinavyoweza kutolewa na kuoshwa, na feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kuliko zinazoitoa, ili hewa isukumwe nje kupitia nyufa badala ya kuvuta vumbi ndani. Vumbi likifunika sehemu ya kupozea, kichakataji hupata joto na hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue.

Kuhusu umeme, hesabu yake ni ya darasani kabisa. Kichakataji wati 125, kadi ya michoro wati 200, sehemu nyingine wati 75: jumla wati 400. Tukiongeza nusu yake kama akiba, twahitaji pawasaplai ya wati 600. Mashine ikifanya kazi kwa nguvu hiyo ya wati 400 kwa saa 6, itatumia uniti 2.4, na uniti za LUKU watoto wanazifahamu nyumbani. Betri ya akiba, iitwayo UPS, huweza kumpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Mnunuzi aangalie wati zake, kwani mara nyingi namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya volti-ampea, nayo huzidi wati.

Vifaa vya kufundishia

Kompyuta mbovu iliyofunguliwa na kuchomolewa umeme (pawasaplai yenyewe isifunguliwe kamwe, kwa kuwa huweza kubaki na umeme ndani). Kadi za karatasi ngumu. Na punje 100 za mahindi kwa kila kikundi. Tunatumia punje badala ya shilingi kwa sababu bei za dukani hubadilika.

Mwalimu aandike ubaoni bei hizi: kichakataji punje 10, 20 au 35, kumbukumbu 5, 10 au 20, diski 5, 10 au 15, kadi ya michoro 0, 15 au 40, bodi mama, kasha na pawasaplai kwa pamoja 15, betri ya akiba 10, au 0 kwa asiyeitaka.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza. Wanafunzi waione na kuishika kila sehemu, kisha waitaje kwa mfano wa karakana.

Hatua ya pili. Darasa ligawanywe katika vikundi vitatu. Kimoja kimnunulie karani wa kuandika barua, cha pili mchora ramani wa Kikuyu, cha tatu mtengenezaji wa filamu za masomo. Kila kikundi kiandike sababu kando ya kila punje iliyotumika.

Hatua ya tatu. Mwalimu atangaze: "Umeme umekatika!" Kikundi kisichonunua betri kifute kazi yake yote ya dakika tano zilizopita. Hatua hii huchangamsha darasa, na funzo lake halisahauliki.

Hatua ya nne. Vikundi vitetee uchaguzi wao mbele ya wenzao. Mwalimu atakuta mara nyingi kikundi kilichotamani vikubwa: kichakataji cha 35, kadi ya 40 na kasha la 15. Kimebakiwa na punje 10, nazo hutosha kumbukumbu ndogo na diski ndogo tu, bila betri. Asiwakemee. Awaulize: "Kazi yenu itasubiri nini?" Mchora ramani anaweza kutosheka kwa 20, 20, 15, 15, 15 na 10, jumla 95. Karani anaweza kutosheka kwa 45 tu. Kikundi cha karani kikirudisha punje 55 kwa hiari, kisifiwe kuliko vyote, kwa maana kimeelewa kuwa fedha isiyotumika bila sababu ni madawati ya darasa jingine.

Tathmini

1. Kwa nini kumbukumbu hufananishwa na meza, na diski na stoo?
2. Picha ina nukta 10,000 kwa 10,000 na rangi tatu. Ni gigabaiti ngapi?
3. Mashine ya wati 300 ikifanya kazi saa 5 hutumia uniti ngapi?
4. Shule imepewa kompyuta yenye kichakataji bora lakini kumbukumbu ndogo. Eleza utakaloshauri, na sababu zake.

Hitimisho

Majina ya vifaa yatabadilika kabla ya wanafunzi wetu kumaliza sekondari, na DDR5 nayo itakuwa ya kale. Njia ya kufikiri haichakai hivyo. Mtoto aliyezoea kuuliza kazi inasubiri nini ataliuliza swali hilo hilo anaponunua jembe, pampu ya kumwagilia zabibu au baiskeli. Tunawashauri wanachuo walijaribu somo hili katika mazoezi ya kufundisha, na waandike katika maandalio yao ni sababu zipi watoto walizitoa, kwa kuwa ni katika sababu hizo mwalimu huona kama somo limeeleweka.