Kabla Hujajitosa, Uliza Maji Yametoka Wapi

Mara ya mwisho bahari iliponitia ugonjwa, maji yalikuwa ya kuvutia kweli. Ilikuwa Aprili, mvua kubwa imekatika jana yake, jua limetoka, mawimbi yamelala. Nilipiga mbizi kama nilivyozoea tangu utotoni. Usiku wa pili tumbo likavurugika, na sikio la kushoto likatoa usaha wiki nzima. Mjomba wangu, aliyevua kwa mshipi maisha yake yote, alikuja kunijulia hali akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, uliogelea maji yanajaa au yanatoka?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimetazama rangi ya maji basi. Vijidudu vya kinyesi havina rangi. Maji ya samawati yanaweza kuwa na uchafu wa mtaro, na maji ya hudhurungi yanaweza kuwa na tope la mikoko tu. Kinachokuambia ukweli ni safari ya maji hayo: yametoka wapi, lini, na yanaelekea wapi.

Kwa Dar es Salaam, anza na mito. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Selander. Mlalakuwa unaingia baharini upande wa Kawe na Mikocheni. Kizinga na Mzinga inamwaga upande wa bandarini. Kati ya mito hiyo kuna mitaro ya mvua isiyo na majina, mingine imefichwa chini ya barabara na huioni mpaka ufike mchangani. Wakazi wengi wa jiji wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na kila mtu aliyekulia uswahilini anajua kinachofanyika mvua ikinyesha: watu wanatapisha vyoo ili maji yabebe. Yanabeba, na mwisho wa safari ni ufukweni.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni ya kalenda. Mvua kubwa ikinyesha, usiogelee kwa siku 3 kamili, na karibu na mdomo wa mto subiri zaidi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hiyo ina maana kwamba kuna wiki nzima ambazo fukwe za katikati ya jiji hazifai kabisa. Najua watoto watalalamika. Wapeleke kucheza mpira mchangani, mbali na mtaro, au subirini mpate siku ya kwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo, ambako hakuna mto unaomwaga maji ya jiji mlangoni.

Kanuni ya pili ni ile ya mjomba. Maji yakijaa, bahari kuu ndiyo inayoingia. Yakitoka, yanavuta nje kila kilichokuwa mtoni, mitaroni na kwenye mikoko. Kwa hiyo ogelea maji yakiwa yanajaa, na utoke yakianza kugeuka. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Dar hujaa pomoni karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hukauka karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Basi kuanzia saa 7 mchana hadi saa 10 jioni unapata maji yanayoingia, tena yaliyokwisha kupigwa na jua. Kila siku wakati unasogea mbele, dakika 40 hadi saa nzima, na ukifika maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, mambo yamepinduka: yanajaa asubuhi. Kumbuka pia kwamba bamvua hupanda juu kuliko siku nyingine, likaosha takataka zote za kingo za mto. Maji yanayotoka baada ya bamvua ndiyo machafu kuliko yote.

Jua nalo lina kazi yake. Miale yake huua bakteria wengi ndani ya saa chache ikiwa maji ni mang'avu. Maji yakiwa na tope, bakteria hujificha humo wakaishi zaidi. Wale wanaopenda kuogelea alfajiri kabla ya kwenda kazini wajue kwamba wanaingia kwenye maji yaliyolala usiku kucha bila jua. Mahali safi hilo si tatizo. Karibu na mtaro ni tatizo.

Upepo utazame pia, hasa kusi likianza kuvuma Aprili. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na kusi linauongezea nguvu. Ukiona mto umechafuka, kaa upande wa kusini wa mdomo wake, si kaskazini.

Umbali gani unatosha? Mwaka 1995 huko Santa Monica Bay, California, watafiti waliwalinganisha watu walioogelea mbele ya mitaro ya mvua na walioogelea karibu mita 400 au zaidi kutoka hapo. Wa mbele ya mtaro waliugua zaidi: homa, matumbo, masikio, kikohozi. Mita 400 ni mwendo wa dakika tano mchangani. Tembea.

Kuna alama nyingine unazoweza kuzisoma mwenyewe. Harufu ya yai viza kwenye tope jeusi la mikoko ni ya asili, isikutishe. Harufu ya mkojo au ya sabuni ndiyo ya kukimbia. Miamba iliyofunikwa na mwani laini wa kijani kibichi, mwembamba kama jani la saladi, sehemu moja tu huku kwingine hakuna, mara nyingi inaonyesha kwamba hapo kuna maji yenye mbolea ya kinyesi yanayotoka, hata kama mtaro wenyewe huuoni.

Na sasa jambo linaloniumiza zaidi nikienda ufukweni siku za sikukuu. Mtaro ukifika mchangani hutengeneza kidimbwi. Maji yake ni ya vuguvugu, kina chake ni magotini, hakuna wimbi. Mama anaona ndipo salama pa kumweka mwanawe wa miaka 3, kumbe bahari iliyo hatua 20 mbele ni safi kuliko pale mara nyingi. Mtoto humeza maji mengi kuliko mtu mzima na mikono yake haitoki mdomoni. Ukimwona mtoto yeyote kwenye kidimbwi cha namna hiyo, zungumza na mzazi wake. Mimi huzungumza, na sijawahi kufukuzwa.

Maabara hupima usafi wa bahari kwa kuhesabu enterokoki, bakteria wa utumbo wanaovumilia chumvi. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ufukwe ambao vipimo vyake hufikia zaidi ya 500 katika mililita 100 una hatari ya kuwapa ugonjwa wa tumbo zaidi ya watu 10 kati ya 100 wanaoingia. Katika fukwe zetu hutakuta bango la kukuambia kipimo cha leo, kwa hiyo mvua, maji na jua ndivyo vipimo vyako.

Ukitoka baharini, usijisuuze chumvi kwenye kijito. Konokono wanaobeba kichocho hawaishi kwenye maji ya chumvi, lakini kwenye vijito na madimbwi ya maji baridi wapo. Mtu ameogelea salama kabisa, kisha anaupata ugonjwa katika dakika mbili za kujisuuza. Beba dumu la maji ya bomba.

Kwa wavuvi, hesabu ni tofauti kidogo. Samaki wengi hupenda mdomo wa mtaro, mkizi hasa, kwa sababu chakula kipo, na ndiyo maana utawakuta watu na mishipi yao hapo hapo. Nyama ya samaki mzima kwa kawaida haina vijidudu. Vinakaa tumboni, kwenye matamvua na kwenye ute wa ngozi. Mpasue mbali na ubao wa kukatia mboga, toa matumbo bila kuyatoboa, msuuze kwa maji safi. Ukiona muuzaji anasuuza samaki kwa ndoo aliyoichota penye mtaro, nenda meza nyingine: uchafu umerudishwa juu ya nyama. Samaki aliyekutwa akielea amekufa hata usimguse kwa nia ya kula.

Chaza na kombe ni habari nyingine kabisa. Hawa hula kwa kuchuja maji, makumi ya lita kwa siku kwa chaza mkubwa, na kila kilichomo hubaki ndani yao. Usiwaokote karibu na mto wala bandari, hata maji yaonekane vipi. Wa mahali safi wachemshe mpaka wafunguke, kisha uwaache wachemke dakika 3 hadi 5 zaidi. Asiyefunguka mtupe.

Lakini moto hauondoi kila kitu. Metali nzito kama risasi na zebaki hubaki vilevile. Zebaki hulimbikizana kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na nduaro, kwa hiyo mjamzito na mtoto mdogo wapewe dagaa au changu. Jodari au kibua aliyekaa juani hutengeneza histamini, na kumkaanga hakusaidii: uso unawaka, moyo unakwenda mbio. Sumu ya bunju haivunjwi na moto wa jikoni. Na kasa asiliwe kamwe. Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba baada ya kula nyama yake, na Machi 2024, kisiwani Panza, walikufa 9, wanane kati yao watoto. Nyama ile ilikuwa imepikwa.

Kama una kidonda kibichi, usiingie majini. Ukichanika kwenye mwamba, osha papo hapo kwa sabuni na maji safi. Jeraha likivimba haraka, likiuma kuliko ukubwa wake au likitoa malengelenge, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kesho. Ukifika, kabla hujaulizwa, mwambie daktari uliingia baharini lini na wapi, kwa sababu bakteria wa maji ya chumvi wanahitaji dawa tofauti na wale wa kidonda cha nyumbani.