Khabari za Khofu na Mizani ya Hakimu

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jua ewe ndugu yangu msomaji kwamba somo letu la leo ni juu ya khabari za khofu, na jinsi zinavyoingia mpaka ndani ya mahakama zikaipinda mizani ya hakimu. Tumechukua mfano wa mbali, nao ni majimbo ya New York na Illinois katika Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limeandikwa na kuhesabiwa, na mwenye kutaka kujifunza hupata pa kushika. Kisha tutarudi barazani kwetu.

Maana ya dhamana

Mtu akishitakiwa, hapana budi liamuliwe jambo moja kabla ya hukumu: je, aingoje kesi yake nyumbani kwake au gerezani? Dhamana ni ahadi ya kwamba akiachwa atarudi siku atakayoitwa. Wanazuoni wetu waijua ahadi hii tangu zamani, kwani katika vitabu vya fiqhi umo mlango wa kafala, na ndani yake imo dhamana ya nafsi, yaani mtu kumdhamini mwenziwe kuwa atahudhuria mbele ya kadhi. Na iko kaida yao mashuhuri, kwamba asili ya mtu ni kusalimika na madai mpaka yathibiti. Basi mahabusu si mfungwa. Ni mtu ambaye bado haijajulikana kuwa amekosa au hakukosa.

Katika Marekani dhamana kwa muda mrefu imekuwa ni fedha. Hakimu hutaja kiasi. Mwenye nacho hulipa akaenda zake, na asiye nacho hubaki ndani, ijapokuwa kosa waliloshitakiwa ni moja.

Mwaka 2010, katika mji wa New York, kijana wa miaka 16 aitwaye Kalief Browder alishitakiwa kuwa ameiba mkoba. Mwanzo alitakiwa dola 3,000, na jamaa zake hawakuziweza. Kisha hata mlango huo ukafungwa, kwa kuwa alikuwa chini ya uangalizi kwa kosa la awali. Akakaa katika gereza la kisiwa cha Rikers karibu miaka mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa katika chumba cha upweke, wala kesi yake haikusikizwa. Mwaka 2013 mashitaka yakafutwa. Mwaka 2015 akajiua, umri wake miaka 22. Kwa mkoba ule hakupata kuhukumiwa hata siku moja.

Sharia na makelele yake

Khabari ya kijana huyu ilikuwa ni katika sababu zilizowaamsha watu. Mwaka 2019 baraza la kutunga sharia la jimbo la New York likapitisha sharia ya kuondoa dhamana ya fedha katika makosa mengi madogo, na katika makosa makubwa mengi yasiyokuwa ya kutumia nguvu. Ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2020.

Hata kabla ya siku hiyo kufika, magazeti na televisheni zilikwisha kuanza. Ilikuwa mtu akiachwa kisha akakosa tena, sura yake huwekwa ukurasa wa mbele, na juu yake hutajwa sharia mpya. Basi mwezi wa Aprili 2020, sharia haijatimiza hata miezi minne, wakubwa waliibadili. Wakaibadili tena mwaka 2022, na mara ya tatu mwaka 2023. Kila mara hakimu aliongezewa nafasi ya kumzuia mtu.

Ndugu yangu, usidhani twasema kuwa hapakuwa na uhalifu. Ulikuwapo, na waliouawa walikuwa na mama na watoto. Mwaka 2019 waliouawa katika mji wa New York walikuwa zaidi ya 300. Mwaka 2020 wakazidi 450. Lakini mwaka huo huo mauaji yalizidi karibu asilimia 30 katika Marekani nzima, hata katika majimbo ambayo hayakugusa dhamana. Jambo lililotokea kila mahali halifai kupewa sababu iliyokuwa mahali pamoja. Na mwaka 1990, ilipokuwa dhamana ya fedha yatumika kila siku, mji huo huo uliuawa watu zaidi ya 2,200.

Wataalamu wa chuo cha John Jay walitazama walioachwa kwa sharia ile wakawalinganisha na wenzao wa zamani, na mwaka 2023 wakatoa matokeo. Waliokamatwa tena katika muda wa miaka miwili walikuwa asilimia 44, na wale wa zamani asilimia 50. Lakini waliona vile vile kwamba wale waliokuwa wamekamatwa mara nyingi siku za karibuni walizidi kukosa walipoachwa. Hii ndiyo haki ya khabari: ina pande mbili, na kila upande una funzo lake kwa mtunga sharia. Makelele hayakuchukua ila upande mmoja.

Mizani ya kitanga kimoja

Sasa tufahamu sababu, kwani hapa ndipo penye kiini cha somo.

Mtu aliyeachwa akaua ni khabari. Mamia walioachwa wakarudi mahakamani siku yao kisha wakaenda kazini si khabari, wala hapana mwandishi atakayewapiga picha. Na aliyewekwa ndani bila ya kosa, akapoteza kazi, mkewe akafukuzwa nyumba kwa kodi, naye pia si khabari. Hivyo madhara ya kumwacha mtu huonekana, na madhara ya kumzuia mtu hufichika. Mizani hiyo imekuwa na kitanga kimoja, na mizani ya kitanga kimoja haipimi kitu.

Hakimu naye ni mwanadamu. Ajua ya kwamba akimzuia asiye na hatia, hapana atakayelitaja jina lake. Bali akimwacha mtu naye akaua, kesho jina lake li katika kila gazeti. Basi mkono wake huwa mzito kabla hata sharia haijabadilishwa. Na mtunga sharia anayengojea uchaguzi hali yake ni hiyo hiyo.

Na khofu hii haifuati hesabu. Tangu miaka ya 1990 mpaka 2019 uhalifu wa nguvu katika Marekani ulipungua kwa kadiri ya nusu. Na karibu kila mwaka katika miaka hiyo, watu walipoulizwa, wengi wao walijibu kuwa nchini umezidi. Wakiulizwa juu ya mtaa wao wenyewe, waliosema umezidi walikuwa wachache zaidi. Mtaa wao waliuona kwa macho, na nchi waliiona kwa gazeti.

Jimbo la Illinois lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2022, uchaguzi ulipokaribia, watu waliletewa majumbani karatasi zilizofanana na magazeti, zenye picha za washitakiwa, kuwaogopesha na sharia inayokuja. Na ikavuma kwamba wauaji wote watafunguliwa milango. Haikuwa hivyo. Sharia ile iliondoa dhamana ya fedha. Hakimu alibaki na uwezo wa kumzuia mtu wa hatari, baada ya kusikiza hoja za pande zote mbili. Mahakama kuu ya jimbo ikaithibitisha, na tarehe 18 Septemba 2023 Illinois likawa jimbo la kwanza la Marekani kuondoa kabisa dhamana ya fedha. Idadi ya waliouawa katika mji wa Chicago ilishuka mwaka 2023, ikashuka tena 2024. Nasi hatusemi kuwa ni sharia iliyoishusha, kwani tungefanya kosa lile lile tunalolikemea.

Kwetu sisi

Huenda mtu akasema, haya ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, imempa kila aliyekamatwa haki ya kuachwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, ila ikiwa pana sababu nzito ya kumzuia. Lakini maneno ya katiba hayana nguvu mbele ya mtaa uliojaa khofu. Khabari ikija usiku kwa simu kwamba vijana wenye mapanga wameonekana, kabla ya alfajiri imekwisha fika kila baraza, na idadi ya vijana imezidi mara tatu. Na kijana wa kwanza atakayekamatwa, hatuulizi amefanya nini. Twauliza kwa nini ameachwa. Naye huenda akawa mwana wa jirani yako, au mwanao.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuihakikishe khabari ya mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika Sura ya Nisaa, aya ya 83, wamelaumiwa wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hukimbilia kulieneza, badala ya kulirudisha kwa wenye kujua. Na katika Sura ya Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia.

Basi kila khabari ya khofu ikikufikia, jiulize mambo matatu kabla ya kuipeleka mbele. La kwanza: ni nani aliyeona, na ni nani aliyesikia tu? La pili: huyu mmoja niliyeonyeshwa, ni mmoja katika wangapi? La tatu: ni nani aliyedhurika upande wa pili, ambaye sikuonyeshwa? Ukikosa jawabu, ulimi wako na ukae kimya, wala usiwe wewe ndiye uliyeuondoa mkono wa hakimu katika haki.

Wabillahi ttawfiq.